Banda Kavu Kwanza: Kupanga Makazi ya Kuku kwenye Kiwanja cha 20 kwa 20

Katika miji ya pwani yetu, vifaranga hununuliwa Jumamosi na banda hutafutwa Jumapili. Mabanzi yaliyobaki kwenye ujenzi, bati mbili zilizokwisha kutumika, kipande cha wavu, na ile kona ya uani isiyo na kazi: kufika jioni banda limesimama. Baada ya miezi michache kuku wanakoroma, uani kunanuka, jirani anasalimia kwa mkato, na lawama wanagawiwa muuza chakula, mchanjaji na aliyeuza vifaranga. Nimetazama mabanda mengi ya namna hiyo, na ninachokikuta karibu kila mahali ni sakafu yenye unyevu. Naamini kwamba mtu akipanga banda lake kwa swali moja, yaani maji yataingilia wapi na yatatokea wapi, sehemu kubwa ya matatizo ya ufugaji wa nyumbani haitazaliwa. Kuku huvumilia mengi. Kulala juu ya unyevu hawavumilii.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam, kwenye kile kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinachotajwa na kila dalali kuanzia Chanika hadi Bunju. Ni mita za mraba 400. Nyumba ya vyumba vitatu na baraza lake inachukua kama 120 hadi 150. Ongeza shimo la maji taka, tangi la maji, mahali pa gari, kamba za kuanikia nguo, mwembe au mpapai, na njia ya kuzunguka nyumba. Kinachobaki kwa kuku, tukisema kweli, ni mita 50 au 60 za nyuma. Ndani ya banda, mita moja ya mraba iwe ya kuku wakubwa wanne au watano, ikiwa wana uwanja wa nje wa kushindia. Kwenye uwanja, ukihesabu na sehemu itakayokuwa ikipumzika, mita mbili za mraba kwa kila kuku ni kiasi cha chini kabisa, maana wakibanwa zaidi ya hapo ardhi inageuka tope. Kwa hesabu hiyo kuku 20 wanataka banda la mita 2 kwa 2.5, na uwanja wa mita 40 za mraba. Mimi ningelifanya banda liwe mita 2.5 kwa 3 ili mtu apate pa kusimama na fagio, na hapo nafasi ya nyuma imekwisha.

Anayetaka kuku 100 kwenye kiwanja hicho hicho anazungumzia kitu kingine: kuku wa kufungiwa kutwa nzima, wenye gharama zake za chakula na usafi, na wenye harufu inayohitaji kudhibitiwa kila siku. Naitanguliza hesabu hii kwa sababu ndoto ya idadi ndiyo inayoharibu mabanda. Mtu anapanga kuku 50, anajenga banda la 20, kisha anashangaa wakidonoana manyoya hadi damu. Kipimo cha ardhi kitangulie, idadi ya kuku ifuate, na fundi aitwe mwisho.

Turudi kwenye maji, maana watu hufikiria ya mvua tu. Kuku mmoja mkubwa hutoa kinyesi kama gramu 100 hadi 150 kwa siku, na takriban robo tatu ya uzito huo ni maji. Kuku 20 kwa hiyo wanamwaga lita moja na nusu hadi lita mbili na ushee kila siku, na sehemu nzuri ya hayo hudondoka usiku chini ya fito za kulalia. Juu yake kuna mvuke wa pumzi. Kuku hana tezi za jasho. Joto lake la kawaida ni karibu nyuzi 41, na hewa ikipata moto hujipoza kwa kuhema, akitoa unyevu kila anapopumua. Kuna pia maji yanayomwagika kwenye chombo cha kunywea. Banda lililofungwa vizuri dhidi ya mvua linaweza basi kulowa kutoka ndani, bila tone moja kupita kwenye bati.

Unyevu huo ndio unaofungua mlango wa kuhara damu, ugonjwa unaoua vifaranga wengi. Vimelea vyake vinapotoka na kinyesi huwa bado haviwezi kuambukiza. Vinahitaji joto, hewa na unyevu kwa siku moja au mbili ili vikomae, na joto pwani halikosekani hata siku moja. Ukiondoa unyevu umekata njia yao. Amonia nayo, ile harufu inayochoma macho ukifungua mlango asubuhi, huzalishwa kwa wingi pale kinyesi kinapokaa kibichi, nayo huunguza njia za hewa za kuku kiasi kwamba mafua yanamwingia kirahisi. Inzi hutaga kwenye kinyesi kibichi, kilichokauka hakiwafai. Mambo matatu ambayo wafugaji huyatafutia dawa tatu tofauti yana chanzo kimoja, na chanzo hicho hutibiwa kwa ramani ya banda kabla ya kufika duka la dawa za mifugo.

Kwa hiyo upepo unaopita bandani una kazi kubwa kuliko kupoza. Unakausha. Na hapa pwani imejaliwa. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwezi Oktoba, katikati ya mwaka huegemea kaskazini, na Desemba huegemea kusini. Jua la adhuhuri linazuiwa na paa. Linalotesa ni la asubuhi, na zaidi lile la saa kumi jioni, linaloingia kwa mshazari na kuukuta mwili wa kuku umeshachoka na joto la mchana. Dawa yake ni kulilaza banda kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuta fupi ndizo zikabiliane na jua. Sasa tazama pepo zetu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili, ikitoka kusini na kusini mashariki. Zote mbili zinazikuta kuta ndefu. Banda lililolazwa vizuri kwa ajili ya jua linakuwa limelazwa vizuri kwa ajili ya upepo pia, misimu yote miwili, bila gharama ya ziada.

Pepo hizo hizo zinatupa jibu la kona ipi itumike. Mtu akiliweka banda kusini mwa nyumba, kusi italeta harufu vyumbani kwa miezi kadhaa. Akiliweka kaskazini, atapata yake wakati wa kaskazi. Upande unaopokea hewa kutoka nyumbani katika misimu yote miwili ni magharibi, na hata upepo wa mchana unaotoka baharini unakubaliana na mpangilio huo. Banda likae magharibi mwa nyumba, kiwanja kikiruhusu. Lakini magharibi mwako ni mashariki mwa mtu mwingine, na anayelala huko ana haki ya hewa safi sawa na wewe. Acha angalau mita tatu kutoka kwenye ukuta wa mpaka, na panda kitu cha majani mengi katikati. Zaidi ya yote, ongea naye kabla hujajenga.

Ugumu wa kazi upo hapa: ukuta ulio wazi kwa upepo upo wazi kwa mvua pia. Mafundi wengi huutatua kwa kuziba, na banda linageuka tanuri. Suluhisho ninalolitetea ni ukuta wa chini wa matofali au mabanzi wenye urefu wa sentimita 60 hadi 80 kutoka sakafuni, kisha wavu mpaka kwenye paa, na paa litokeze nje kwa upenu mrefu. Upande wa kusini, ambako mvua za masika zinazosukumwa na kusi hupiga kwa ubavu, upenu ufike mita moja. Kaskazini sentimita 70 zinatosha. Ukuta ule wa chini huwakinga kuku na upepo mkali wakiwa chini, nao upepo wenyewe unapita juu ya vichwa vyao ukiondoka na mvuke. Upande mfupi wa magharibi uzibwe kabisa. Katika nyanda za baridi, Njombe au Makete, mizani inabadilika: wavu upunguzwe, upande wa upepo ufunikwe kwa viroba usiku wa Juni na Julai, ila tundu la juu karibu na paa libaki wazi hata baridi ikiwa kali. Kuku aliyekauka anahimili baridi vizuri kwa sababu ya manyoya yake.

Paa lina hesabu yake. Paa la mita za mraba 10, mvua ikinyesha milimita 50 kwa siku moja, jambo la kawaida wakati wa masika, linakusanya lita 500. Hizo lita 500 zinakwenda wapi? Zikidondoka kwenye ukingo wa banda zitachimba mfereji, zitarusha tope ukutani na kurudi chini ya sakafu. Gata na pipa vinageuza tatizo kuwa maji ya kuoshea vyombo na kumwagilia mchicha. Kuhusu kitu cha kuezekea, makuti ni baridi na yanapendeza, lakini huficha panya, utitiri na papasi, na kuyapulizia dawa hakusaidii sana kwa sababu ya mikunjo yake. Nachagua bati, iwekwe juu, mita mbili na nusu kwenye mgongo wa paa, ipakwe rangi nyeupe, na ikiwezekana ikae chini ya kivuli cha mti.

Sakafu ndiyo inayozua ubishi. Ya udongo ni rahisi, na kwenye mchanga wa karibu na bahari hukauka haraka, ila panya huichimba na vimelea vya mwaka jana hubaki humo. Ya kichanja, iliyoinuliwa mita moja kwa nguzo na kutandikwa fito zenye mianya ya kudondoshea kinyesi, ni kavu kuliko zote na inafaa sana kwenye maeneo ya bondeni yanayotuama maji. Udhaifu wake ni kwamba siafu hupanda nguzo usiku, na kundi la siafu linaweza kumaliza vifaranga wote kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Kila mguu wa kichanja unahitaji kopo la oili chafu. Mwizi naye anaweza kufanya kazi kutokea chini. Kwa mwenye banda la kudumu Dar es Salaam nashauri zege jembamba lililoinuliwa sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi, lenye mteremko mdogo kuelekea mlangoni, kisha maranda au pumba za mpunga kwa kina cha sentimita nane hadi kumi. Vumbi la mbao lisitumike, linaingia mapafuni. Ili kujua hali ya maranda, chota konzi na ulikamue: yakishikamana kama donge yamelowa, yachanganywe na mapya au yatolewe.

Vya ndani vinapangika upesi. Fito za kulalia ziwe laini, nene kiasi cha sentimita nne au tano, na kila kuku apate sentimita 20. Kwa kuku 20 ni mita nne za fito, zikiwa mbili sambamba. Ziweke mbali na vyombo vya maji na juu kuliko viota, la sivyo kuku watalala kwenye viota na mayai yatachafuka. Kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kinahudumia majike wanne au watano, kwenye upande wenye giza. Chombo cha maji kiinuliwe hadi usawa wa mgongo wa kuku, juu ya tofali au kijukwaa cha wavu. Siku za joto kuku 20 wanaweza kumaliza lita nane, na chombo kilichowekwa chini ni chanzo cha tope ndani ya banda kavu.

Nikiingia kwenye suala la wavu, nasema hivi: ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unazuia kuku kutoka, hauzuii adui kuingia. Kicheche, nguchiro na kanu wanautafuna au kuuvuta, na nyoka anapita kwenye tundu lake. Sehemu ya chini, mita moja ya kwanza, itumie seng'enge iliyochomelewa yenye tundu la nusu inchi. Kuzunguka uwanja, ifukie sentimita 30 ardhini au ilaze nje na kuifunika udongo, maana mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi. Juu kuna mwewe, na pwani kuna kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 akaenea mwambao wote. Kwa vifaranga wa wiki ya kwanza naona kunguru ni hatari kuliko kicheche, kwa sababu anafanya kazi mchana, kwa kundi, na hatishiki. Kipande cha uwanja chenye wavu juu kwa ajili ya kuku mwenye vifaranga ni cha lazima. Mwizi wa miguu miwili anahitaji mlango mgumu, komeo la ndani na kufuli, na banda lililo karibu na dirisha la chumba kinacholala mtu. Sharti hili linagongana na lile la harufu, na ni ukavu tu unaoyapatanisha, kwa kuwa banda kavu linaweza kukaa mita chache kutoka dirishani bila kumsumbua mtu.

Uwanja wa nje ndio unaopangwa vibaya kuliko yote, kwa sababu watu wanadhani ni malisho. Kuku 20 kwenye mita 40 watamaliza kila jani kwa muda mfupi, kisha wataparura mpaka mizizi. Hakuna mbegu ya nyasi itakayoshinda makucha hayo. Uwanja ni mahali pa kutembea, kupata jua, kuoga vumbi na kufuata tabia yao ya asili, nayo hiyo inatosha kuwa sababu ya kuujenga; majani waletewe, mchicha uliozeeka au mlonge. Ugawe nusu mbili kwa uzio mwepesi, kila upande upumzike wiki kadhaa huku jua likiuchoma. Upande unaopumzika ulimwe juu juu na kupandwa kitu cha haraka. Ardhi ya mbele ya mlango wa banda, inayokanyagwa na kila kuku kila asubuhi, itandikwe kokoto na mchanga, kwa maana ndipo tope linapoanzia. Kona moja yenye kivuli na paa dogo iwekwe mchanga mkavu na majivu ya kuogea. Hiyo inapunguza utitiri na viroboto kuliko watu wanavyodhani. Wape na vichaka. Babu zao ni kuku wa msituni wa kusini na kusini mashariki mwa Asia, na hadi leo kuku aliye mahali peupe kabisa anaishi kwa hofu, hasogei mbali na mlango.

Uzio una kazi nyingine isiyoonekana. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huingia uani kwa miguu ya kuku wa jirani, kwa kuku aliyenunuliwa sokoni jana na kwa viatu vya mgeni. Chanjo ipo na ni rahisi. Aina ya I-2, isiyoharibika upesi kwa joto, ilitengenezwa nchini Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini kama wetu na huzalishwa hapa Tanzania. Ni tone moja kwenye jicho, likirudiwa kila miezi mitatu au minne. Ila ramani ya banda inaweza kuisaidia chanjo. Jenga kizimba kidogo cha pembeni, kikiwa na vyombo vyake, ambamo kuku mgeni atakaa wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Mlangoni weka viatu vya bandani visivyotoka nje. Kizimba hicho kikikosekana kwenye mchoro, hakitajengwa kamwe, na siku ya kuleta jogoo mpya hakutakuwa na pa kumweka.

Hapa nataka kusimama kidogo kwa sababu ya watoto. Familia nyingi hulaza kuku jikoni au ukumbini kwa kuogopa wezi, nami naielewa hofu hiyo. Mwaka 2016 watafiti Derek Headey na Kalle Hirvonen walichapisha uchambuzi wa takwimu za kaya za vijijini Ethiopia. Kufuga kuku kulihusiana na watoto kuwa na kimo bora, lakini faida hiyo ilipungua pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba. Mtoto anayetambaa huweka mkono sakafuni kisha mdomoni, na kinyesi cha kuku kina bakteria wa kutosha kumharisha mara kwa mara bila mtu kujua chanzo. Banda imara la nje ni kinga ya mtoto kama lilivyo kinga ya kuku, na uwanja uwe na uzio unaowatenga kweli na baraza.

Upande wa sheria, Nairobi ina sheria yake ya kilimo cha mjini ya mwaka 2015. Kwetu mambo mengi yamo kwenye sheria ndogo za halmashauri, hivyo ofisi ya serikali ya mtaa na afisa mifugo wa kata waulizwe kabla ya matofali kununuliwa. Kwa anayetaka mayai ya kula tu, jogoo hahitajiki. Kuku hutaga bila yeye, na majirani watalala hadi alfajiri.

Fedha isipotosha, na mara nyingi haitoshi, iende kwanza kwenye msingi, sakafu na paa lenye upenu. Pili, seng'enge ya chini na mlango. Uwanja unaweza kuanza na nusu moja, uzio wake ukiwa wa mirunda na wavu wa kawaida, kuku wakiwa kumi chini ya uangalizi wa mchana. Viota vinaweza kuwa ndoo za rangi zilizolazwa ubavu au makreti ya soda. Rangi, gata za kisasa na vyombo vya chakula vya kununua vinasubiri. Banda likikamilika, liache tupu mpaka mvua moja kubwa inyeshe, kisha ingia ndani asubuhi yake, uguse maranda kwa mkono katika kila kona na utazame maji yamepita wapi nje. Panapohitaji mfereji uchimbe, panapohitaji upenu uongeze, ndipo uagize kuku.